Gemu ya mishale ya Mahabharata mtandaoni: silaha zenye masharti au duka la mishale?

#1 · Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni wa wapenzi wa gemu za kulenga shabaha mtandaoni, hasa zile zinazochota kwenye hadithi za kale za Wahindu. Kuna jambo limenikaa rohoni na ningependa tulijadili kwa utulivu. Gemu hizi zinachukua majina ya Arjuna na Karna wa utenzi wa Mahabharata, na Rama wa utenzi wa Ramayana, zinachukua pinde zao, magari yao ya vita na mapambo yao, halafu zinaacha nje kile kilichofanya mishale yao isimuliwe vizazi na vizazi. Wanachoacha ni masharti. Katika Mahabharata hakuna mshale mkubwa wa bure. Kila silaha nzito ina ahadi nyuma yake, au laana, au deni. Ukiyaondoa hayo unabaki na fataki tu kwenye kioo cha simu.

Kwa asiyeijua, Mahabharata ni utenzi wa Kisanskriti wenye vitabu 18, na kwa mapokeo husemwa una beti 100,000. Kiini chake ni ugomvi wa kifalme kati ya mabinamu: ndugu watano wa Pandava upande mmoja, ndugu mia moja wa Kaurava upande wa pili. Wanaishia kwenye vita vya siku 18 katika uwanda wa Kurukshetra, ambao leo uko jimbo la Haryana, kaskazini mwa Delhi. Mlenga shabaha mkuu wa Pandava ni Arjuna. Mpinzani wake mkubwa ni Karna, ambaye kumbe ni ndugu yake wa tumbo moja, na Arjuna halijui hilo mpaka Karna amekwisha kufa.

Watu wengi wanakijua kile kisa cha jicho la ndege. Mwalimu Drona anaweka ndege wa bandia juu ya mti, anawaita wanafunzi mmoja mmoja na kuwauliza wanaona nini. Mkubwa wao, Yudhishthira, anasema anauona mti, anamwona mwalimu, anawaona ndugu zake na ndege pia. Anaambiwa akae pembeni. Arjuna anasema anamwona ndege tu, akibanwa zaidi anasema anakiona kichwa tu. Anaruhusiwa kuachia mshale. Karibu kila gemu ya mishale yenye sura ya Kihindi inaanzia hapo, na siwalaumu, ni hatua ya kwanza nzuri sana ya kumfundisha mchezaji.

Mimi kinachonivutia zaidi ni kisa kidogo kilichotangulia hicho, ambacho sijaona gemu ikikigusa. Arjuna yuko anakula usiku, upepo unazima taa. Giza totoro. Mkono wake unaendelea kuchukua chakula na kukipeleka mdomoni bila kukosea hata mara moja. Hapo ndipo anapong'amua kwamba mkono uliozoea hauhitaji macho, na kuanzia usiku huo anaanza kujifunza kupiga mishale gizani. Drona anasikia mlio wa ugwe usiku wa manane, anatoka nje, anamkuta, anamkumbatia. Tazameni jinsi kisa hiki kilivyo tayari kuwa hatua ya gemu: kioo kinakuwa cheusi kabisa, unasikia tu kengele ndogo au mlio wa ndege kwenye spika za masikioni, kushoto au kulia, mbali au karibu, na unaachia mshale kwa sikio. Simu yoyote yenye sauti ya pande mbili inaliweza hilo. Halihitaji michoro ya gharama.

Nitaendelea kwenye silaha zenyewe, huko ndiko kwenye nyama ya mada.

#2 · Mjumbe, Morogoro

Mkuu nimeshavuta kiti, shusha vitu. Ila ukiendelea taja na gemu zenyewe, maana wengine tunazijua za risasi tu.

#3 · Mleta mada

Sawa mkuu, nataja.

Ya kwanza ni Fate/Grand Order, gemu ya simu iliyoanzia Japani mwaka 2015. Humo Arjuna yupo katika kundi la wapiga mishale, Karna yupo katika kundi la wenye mikuki, Ashwatthama yupo, na Rama yupo pia ila amewekwa kundi la wenye panga. Rama, aliyekunja upinde wa mungu Shiva mpaka ukavunjika, anashika upanga! Gemu ina maelezo yake ya ndani kuhusu hilo, lakini mimi bado linaniuma. Jambo jingine ni kwamba huko hulengi chochote. Unachagua kadi, mhusika anapiga mwenyewe.

Ya pili ni Smite, ya uwanja wa mapambano mtandaoni, ambapo miungu na mashujaa wa mataifa mbalimbali wanapambana. Rama huko ni mwindaji mwenye upinde, na mshale unaulenga wewe kwa mkono wako. Kwa upande wa kulenga, wamemtendea haki kuliko wenzao.

Ya tatu ni Raji: An Ancient Epic, iliyotengenezwa na kampuni ya Nodding Heads Games ya mji wa Pune, India, ikatoka mwaka 2020. Si ya mtandaoni, unacheza peke yako, lakini ni ya Wahindi wenyewe na upinde umo, pamoja na simulizi za vivuli vya vikaragosi zinazopendeza kupita kiasi. Zaidi ya hizo kulikuwa na gemu ndogo ndogo za mishale za kwenye kivinjari, na nyingi zilikufa kampuni ya Adobe ilipoizima Flash, programu iliyoziendesha, mwisho wa mwaka 2020.

Sasa tuje kwenye masharti.

Karna alizaliwa na deraya mwilini na hereni masikioni, na akiwa navyo hauawi. Mungu Indra, baba yake Arjuna, anakuja kwa sura ya kuhani mwombaji na kumwomba avitoe. Karna alikuwa ameshaweka nadhiri ya kutomnyima kuhani anayemwomba. Anajua kabisa ni nani aliyesimama mbele yake, na bado anajikata mwilini na kumpa. Indra anaona haya, anampa mkuki uitwao Shakti: hauwezi kukosa, lakini ni wa kutumika mara moja tu, kisha unarudi kwa mwenyewe. Karna anautunza kwa ajili ya mtu mmoja, Arjuna. Usiku wa siku ya 14 ya vita, Ghatotkacha, mwenye damu ya majitu, mwana wa Bhima ambaye ni mmoja wa ndugu wa Pandava, anaangamiza jeshi la Kaurava gizani, na wenzake Karna wanamlilia autumie. Anautumia. Ghatotkacha anakufa. Kambi ya Pandava inalia, Krishna, mungu anayeendesha gari la vita la Arjuna, peke yake anafurahi, kwa sababu tangu saa hiyo Arjuna amepona.

Halafu nenda kwenye Fate/Grand Order. Shambulio kuu la Karna ni mkuki huo huo, na kwa jina lile lile. Unajaza kipimo, unaurusha. Kikijaa tena, unaurusha tena, katika pambano hilo hilo. Nimeitumia silaha ile mara nyingi na ni tamu machoni, sikatai. Lakini uamuzi mgumu kuliko yote katika maisha ya Karna umegeuzwa kuwa kitufe cha kubonyeza.

Fikirieni gemu ya mtandaoni inayokupa mshale mmoja usiokosa kwa msimu mzima. Mmoja. Uko kwenye mechi, timu yako inazidiwa, wenzako wanakuandikia "piga, piga!", na wewe unajua wiki ijayo fainali unakutana na yule jamaa asiyefungika. Hapo ndipo mchezaji atatokwa na jasho la kweli.

Na si Shakti peke yake. Karna huyo huyo alijifunza Brahmastra, silaha ya maangamizi inayoitwa kwa maneno, kwa mwalimu Parashurama kwa kudanganya kwamba yeye ni wa tabaka la makuhani. Uongo ulipofichuka akalaaniwa: siku utakayoihitaji kuliko zote, maneno ya kuiita yatakutoka kichwani. Siku ya 17, gurudumu la gari lake limezama ardhini, Arjuna yuko mbele yake, na maneno hayaji.

Kuna silaha ya Narayanastra, aliyoifyatua Ashwatthama baada ya baba yake Drona kuuawa. Hiyo kadiri unavyopigana nayo ndivyo inavyokua. Dawa yake ni moja, kushuka garini na kuweka silaha chini. Jeshi zima la Pandava linatii isipokuwa Bhima, anayekaribia kuungua akiwa amesimama. Silaha inayomshinda anayepigana na kumwacha anayeacha! Niambieni ni mbunifu gani wa gemu wa siku hizi aliyewahi kubuni kitu kikali namna hiyo.

#4 · Mjumbe, Mwanza

Uzi mzuri mno kaka. Swali la kiufundi. Sisi wa huku tunacheza kwa bando na mtandao unapanda na kushuka. Seva ziko Ulaya au Asia, pingi (muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi) inagonga milisekunde 200 na zaidi. Kwenye gemu za risasi unakufa kabla hujamwona aliyekupiga. Hiyo ya mishale itawezekana kweli, au ndiyo tutakuwa vyambo vya wenye faiba?

#5 · Mleta mada

Kaka, mshale unatufaa kuliko risasi, nikueleze kwa nini.

Gemu nyingi za risasi zinahesabu kwamba ukibonyeza, umepiga papo hapo. Aliye na pingi ndogo anafaidi. Mshale unasafiri. Kwenye mashindano ya Olimpiki mlengaji anasimama mita 70 kutoka kwenye shabaha yenye kipenyo cha sentimita 122, na duara la pointi 10 lina sentimita 12.2 tu. Mshale wa upinde wa namna ile unakwenda kama mita 60 kwa sekunde, kwa hiyo mpaka ufike imepita sekunde moja na kitu. Katika muda huo mvutano wa dunia ungeushusha kama mita 6 au 7 endapo ungepigwa mlalo, na ndiyo maana mlengaji anauinua upinde juu kidogo.

Sasa piga hesabu ya mtandaoni. Adui anakimbia mita 5 kwa sekunde, yuko mita 60 kutoka kwako. Lazima ulenge mita 5 mbele yake, pale atakapokuwa. Ucheleweshaji wa milisekunde 200 unaongeza mita moja tu juu ya hizo 5. Ustadi wa kukisia atakwenda wapi unabeba uzito mkubwa kuliko kasi ya intaneti yako. Pia seva ina nafasi ya kutosha kuhesabu njia ya mshale kabla haujatua, kwa hiyo huoni yale mambo ya kufa ukiwa umeshajificha nyuma ya ukuta.

Na data yake ni ndogo. Mshale ukishaachiwa, seva inahitaji kujua umetoka wapi, kwa pembe gani, kwa nguvu gani na saa ngapi. Mengine kila simu inajihesabia yenyewe.

Niongeze hatua ya posa ya Draupadi, maana hapo ufundi na hadithi vinakutana. Mfalme Drupada wa Panchala anatengeneza upinde mgumu ajabu na shabaha iliyowekwa juu, nyuma ya mtambo wenye tundu. Atakayepitisha mishale mitano kwenye tundu na kuipiga ndiye mume wa binti yake. Wafalme wanajaribu, upinde unawatupa chini. Arjuna anatoka kwenye safu ya makuhani akiwa amejigeuza maskini, anaukunja, anapiga. Katika masimulizi yaliyoenea zaidi kwa watu shabaha ni jicho la samaki anayezunguka juu ya nguzo, na mlengaji anaruhusiwa kutazama kivuli chake tu kwenye chombo cha maji kilicho chini.

Mimi ningelichukua hilo la maji kwa sababu ya simu. Kioo chote kionyeshe maji. Samaki anazunguka humo, na ukisogeza kidole mbele, mshale kule juu unakwenda upande ulio kinyume na unavyoona. Upepo ukigusa maji kivuli kinavunjika vipande, unasubiri kitulie, na wakati huo mkono wa mhusika unaanza kutetemeka kwa sababu upinde ni mzito na umeuvuta kwa muda mrefu. Ulegeze upumzike, au uvumilie? Mkiweka wachezaji wanane kwenye chumba kimoja wanaojaribu kwa zamu huku wengine wanatazama, hiyo ni burudani tosha, na haina hata tone la damu.

#6 · Mjumbe, Dar

Salamu kwenu wote. Mimi nimezaliwa hapa Dar kwenye familia ya Kigujarati, na hadithi hizi nimezipata kwa bibi kabla sijaanza shule. Nashukuru zimeandikwa hapa kwa heshima.

Ninachoomba ni kimoja. Kwetu Krishna na Rama ni wa kuabudiwa, majina yao yanatajwa kwenye sala za kila siku, na taa za Diwali kwa wengi wetu ni za kukumbuka Rama aliporudi kwao Ayodhya. Mwaka 2012 viongozi wa Kihindu kule Marekani walilalamikia jinsi Smite ilivyomchora mungu wa kike Kali, karibu uchi. Niliwaelewa. Mtu anayemshika mungu wako kwa vidole na kumrusha huku na huku kama mwanasesere, akishindwa anamtukana, inauma. Kwa hiyo ndugu mleta mada, katika gemu unayoiwaza, Krishna unamweka wapi?

#7 · Mleta mada

Nashukuru sana dada au kaka, swali lako ndilo linalopaswa kutangulia kabla ya mchoro wa kwanza.

Bahati njema utenzi wenyewe umeshajibu. Kabla ya vita, Arjuna na Duryodhana, mkubwa wa Kaurava, wote wawili wanakwenda mji wa Dwaraka kuomba msaada wa Krishna. Wanamkuta amelala. Duryodhana anakaa kichwani, Arjuna anasimama miguuni. Krishna akifumbua macho anamwona Arjuna kwanza, kwa hiyo anampa nafasi ya kuchagua: upande mmoja jeshi lake lote, upande wa pili yeye mwenyewe, bila silaha, bila kupigana. Arjuna anamchagua yeye. Duryodhana anaondoka na jeshi akiamini amepata.

Basi na gemu ifanye hivyo hivyo. Krishna hachezwi na mtu. Hana kipimo cha uhai, hana mavazi ya kununua. Mwanzo wa kampeni unachagua, askari wengi au mwendesha gari mmoja asiyerusha hata jiwe. Ukimchagua yeye, anaendesha farasi, na wewe huna uwezo wa kumwamuru. Siku ya 17 Karna anaachia mshale wenye nyoka ndani yake, umelenga shingo ya Arjuna. Krishna analikandamiza gari chini, magurudumu yanazama, mshale unapita na taji tu. Mchezaji aliyechagua jeshi angekufa pale. Aliyechagua mwendeshaji anahisi gari linashuka ghafla chini ya miguu yake bila yeye kubonyeza chochote.

Hata kwa wahusika wa kibinadamu ningeshauri waandishi na wachoraji watoke kwenye jamii zenye hadithi hizi, na walipwe vizuri, na neno lao liwe la mwisho kwenye mambo ya ibada. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, ninaipenda hadithi kama mgeni anayependa nyumba aliyokaribishwa, na mgeni hahamishi fanicha.

#8 · Mjumbe, Arusha

Mkuu umezungumza Arjuna na Karna, umemruka Ekalavya. Na mimi kwa maoni yangu Drona alifanya vile ilivyompasa. Alishaahidi kumfanya Arjuna awe wa kwanza duniani, na yule kijana hakuwa mwanafunzi wake rasmi. Sheria ni sheria. Kwenye gemu nisingemweka kabisa, atawavuruga wachezaji.

#9 · Mleta mada

Hapa mkuu tutatofautiana, na sitapunguza maneno.

Ekalavya ni mwana wa mfalme wa Wanishada, watu wa msituni. Anakwenda kwa Drona kuomba kufundishwa, anakataliwa kwa sababu ya ukoo wake. Anarudi msituni, anafinyanga sanamu ya udongo ya Drona, anajifunza mbele yake peke yake. Siku moja wanafunzi wa kifalme wako mawindoni, mbwa wao anambwekea. Ekalavya anarusha mishale saba mdomoni mwa mbwa kwa haraka kiasi kwamba mdomo unazibwa. Arjuna akiona hivyo anamfuata mwalimu wake kwa uchungu: uliniahidi hakutakuwa na wa kunipita. Drona anakwenda kwa Ekalavya na kudai ada ya ualimu. Ada gani? Dole gumba la mkono wa kulia. Kijana anakata na kumpa, uso wake mkunjufu.

Ahadi kwa Arjuna ilikuwa ya Drona kuitimiza kwa jasho lake la ufundishaji. Akailipa kwa mkono wa mtoto wa mtu mwingine, ambaye hakuwahi kumfundisha hata siku moja. Kama hakuwa mwanafunzi wake rasmi, ada ni ya nini? Siwezi kuliona jambo hilo kuwa sheria. Ni mwenye nguvu anayemfunga mtoto wa nje asiwapite wa ndani. India ya leo bado inaishi na majina hayo: tuzo ya wanamichezo inaitwa Arjuna tangu mwaka 1961, ya makocha inaitwa Dronacharya tangu 1985, na shule za bweni za serikali kwa watoto wa makabila ya asili zinaitwa Eklavya. Na mmoja wa walengaji wakubwa wa nchi hiyo, Deepika Kumari, aliyewahi kuwa namba moja duniani, ametoka jimbo la Jharkhand, binti wa dereva wa bajaji. Kwa hiyo mkuu, swali la nani anaruhusiwa kushika upinde halijafungwa bado.

Halafu kuna jambo la mikono. Walengaji wa Olimpiki wanavuta ugwe kwa vidole vitatu, cha shahada juu ya mshale na viwili chini yake, dole gumba linapumzika. Asia kwa karne nyingi, kuanzia Uturuki mpaka Korea, walivuta kwa dole gumba lenye pete, na pete za jiwe la yashi za zama za Wamughal, watawala wa zamani wa India, bado ziko kwenye makumbusho. Na sisi wenye simu? Tunavuta kwa dole gumba. Kila mtu. Tazama mkono wako ukicheza gemu yoyote ya mishale: dole gumba la kulia limegusa kioo, linarudi nyuma, linaachia.

Hivyo Ekalavya ndiye mhusika anayestahili kuchezwa kwenye simu kuliko wote. Mchezaji aanze naye msituni, apande mpaka awe mwepesi kuliko Arjuna, azibe mdomo wa mbwa yule. Kisha Drona aje. Na kuanzia hapo upande wa kulia wa kioo usikubali dole gumba la kuvuta. Ufumbuzi wake ni rahisi kiufundi, unahamisha sehemu ya kuvutia na kudai vidole viwili kwa pamoja, ambapo dole gumba peke yake halisomeki. Utenzi unasema aliendelea kupiga kwa vidole vilivyobaki lakini wepesi wa zamani haukurudi. Mchezaji aujue huo wepesi uliopotea kwa mkono wake mwenyewe. Asiyeyaweza aweke gemu chini. Atakayevuruga mchezaji ni Drona, mkuu, na mchezaji anayo haki ya kuvurugika.

#10 · Mjumbe, Morogoro

Aisee. Nimejaribu hapa kwenye gemu yangu ya mishale kuvuta kwa vidole viwili, nimekosa kila kitu.

Swali langu mkuu: nani atalipa? Watengenezaji wanahitaji kula. Gemu za bure zinaishi kwa kuuza visanduku vya bahati. Ukisema Shakti moja kwa msimu, mwenye kampuni atakwambia tuiuze kwa elfu tano.

#11 · Mleta mada

Siku atakayoiuza ndiyo siku gemu imekufa, na kibaya zaidi imekufa ikiwa na jina la Mahabharata mgongoni.

Kumbukeni vita vile vilianzia wapi. Vilianzia kwenye mchezo wa dado. Yudhishthira, mwenye haki kuliko ndugu zake wote, anaitwa ukumbini Hastinapura, mji mkuu wa ufalme, kucheza na Shakuni, mjomba wa Kaurava mwenye mkono mchafu wa dado. Anapoteza mali. Anapoteza ufalme. Anawaweka rehani ndugu zake mmoja mmoja, Arjuna akiwamo, anawapoteza. Anajiweka mwenyewe, anapoteza. Anamweka mkewe Draupadi, anapoteza, na yule mama anaburutwa kwa nywele mbele ya wazee waliokaa kimya. Draupadi anauliza swali moja ambalo hakuna aliyeweza kulijibu mle ukumbini: mume wangu alijipoteza kwanza au alinipoteza mimi kwanza? Kama alikuwa ameshakuwa mtumwa, alikuwa na haki gani ya kuniweka mimi rehani?

Unachukuaje hadithi hiyo, unaweka ndani yake kisanduku cha bahati cha elfu tano, mtoto wa kidato cha pili anabonyeza na kubonyeza akitafuta upinde wa Gandiva? Sote hapa tunawajua vijana waliomalizwa na kubeti. India yenyewe mwaka 2025 ilipitisha sheria ya kupiga marufuku gemu za mtandaoni za kuchezea pesa, kwa hiyo si mimi peke yangu ninayeliona tatizo.

Walipwe, ndiyo. Uza gemu kwa bei moja inayoeleweka, au sura ya kwanza bure na zinazofuata kwa bei ndogo ya kulipia kwa simu. Uza nyimbo, uza picha za ukutani, uza mashindano. Gandiva isiuzwe. Ule upinde Arjuna aliupata kwa Agni, mungu wa moto, pamoja na podo mbili zisizoisha mishale, ili amsaidie kuuteketeza msitu wa Khandava. Viumbe wengi waliungua humo, na mmoja aliyeponyoka ni nyoka Ashvasena, huyo huyo aliyerudi siku ya 17 ndani ya mshale wa Karna. Ukiupata upinde kwa kazi ile, nyoka yule anakufuata mpaka mwisho wa gemu. Ukiununua kwa elfu tano hakuna anayekufuata.

#12 · Mjumbe, Nairobi

Nimesoma yote, safi sana. La mwisho kwangu: wanaotumia programu za kujilengea zenyewe. Gemu yoyote ya kulenga mtandaoni inauliwa na hao. Utawafanyaje?

#13 · Mleta mada

Kwanza upande wa ufundi. Njia ya mshale ihesabiwe na seva, si na simu ya mchezaji, ili mtu asiweze kutuma taarifa ya uongo kwamba amepiga. Mkono wa binadamu hutetemeka, huchelewa, hupitiliza kidogo na kurudi. Programu huenda moja kwa moja kwenye shabaha. Seva ikitunza mwendo wa kidole kwa mechi kadhaa, tofauti inaonekana. Mashabaha ya uongo yasiyoonekana na macho ya mtu, ila programu inayasoma, nayo husaidia kuwanasa.

Upande wa adhabu, utenzi una mtu wake. Kabla ya vita pande zote zilikubaliana sheria: wa gari apigane na wa gari, wa miguu na wa miguu, asipigwe aliyeweka silaha chini wala anayekimbia, na jua likizama mapambano yasimame. Sheria hizo zilivunjwa na pande zote, na kila ilipovunjwa moja kuna aliyelipa baadaye. Lakini aliyezivuka zote ni Ashwatthama, aliyeingia kambi ya Pandava usiku baada ya vita kwisha na kuwachinja waliolala, wakiwamo watoto watano wa Draupadi. Alipozingirwa akachukua jani la nyasi, akaliombea, likawa silaha ya kuteketeza dunia. Arjuna akarusha ya kwake kuizuia. Wahenga wakasimama katikati, wakawaamuru wote wawili wazirudishe. Arjuna aliweza kuirudisha. Ashwatthama alijifunza kurusha tu, hakujifunza kurudisha, akaielekeza kwenye matumbo ya wanawake wa Pandava. Hawakumuua. Walimng'oa kito cha kwenye paji la uso alichozaliwa nacho, na akahukumiwa kutangatanga miaka 3,000 peke yake, bila mtu wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo aliyethibitika kudanganya asifungiwe akaunti, maana atafungua nyingine kwa namba nyingine dakika hiyo hiyo. Aachwe acheze. Aingie kwenye viwanja vyenye wadanganyifu wenzake tu, kovu likiwa kwenye paji la uso wa mhusika wake, mazungumzo yamezimwa, alama zake hazihesabiwi popote. Akiandika, hakuna anayeona.

Na kwa wachezaji wa kawaida, silaha ile ya nyasi iwepo, ila mafunzo yake yawe na sehemu mbili, kurusha na kurudisha. Ya kwanza ifunguke mapema, ya pili ichukue muda mrefu sana. Atakayeirusha bila kuimaliza ya pili, ikimshinda katikati ya mechi, inateketeza timu zote mbili pamoja na yeye.

Wenye uzoefu wa kutengeneza gemu humu jukwaani, naomba mnijibu hili la vidole viwili kwenye namba 9. Simu za bei ya chini zinasoma vizuri miguso miwili inayokaribiana, au itabidi sehemu za kugusa ziachane zaidi?